Kopo Langu Halikauki

Jumapili, 2 Machi

Vifungo saba. Ndivyo vilivyobaki kwenye kopo langu. Saba, na viwili vina ufa!

Naandika haya kwenye daftari la magari la pale langoni, ghala la rangi, ninakofanya kazi. Daftari la zamani, limeloa mafuta, lakini kurasa za nyuma ni safi. Lina safu zake: Namba ya Gari, Mzigo, Saa ya Kuingia. Mzigo wangu leo ni huu: meza ya Fundi Cherehani inataka kunitema.

Atakayesoma haya nikiwa nimeshakufa na kujengewa mnara, ajue utaratibu. Tunacheza poka kila Jumatano na Jumamosi alasiri, juu ya meza ya Fundi ya kukatia vitambaa. Watu watano. Pesa hazichezwi, mke wa Fundi alishaapa. Tunacheza vifungo. Vyeupe vidogo vya shati, na vyeusi vya koti. Kimoja cheusi sawa na vyeupe vitano. Kila mtu na kopo lake pale rafuni. Mwisho wa mwaka mwenye vingi anashonewa suti. Kopo likikauka, mwenyewe anaacha kiti na anakaa aliye kwenye foleni. Hakuna rufaa.

Kwenye foleni yumo mtu mmoja tu. Shemeji yangu, mume wa dada. Ni fundi wa mizani, mtu wa kupima gramu. Anangoja mwaka wa pili huu, kimya, kama mtu aliyeweka ndoo chini ya bomba lisilotoa maji. Mimi naishi chumba chake cha nyuma. Nala mezani pake. Na kila Jumatano na Jumamosi jioni, mwaka wa tatu sasa, namsimulia jinsi nilivyowachapa wenzangu. Sasa aje akalie kiti changu kwa sababu nimekaukiwa? Uso nitauweka wapi, kwenye sufuria?

Hakalii. Naandika kwa wino mweusi: hakalii!

Jumatatu, 3 Machi

Nimefikiri tangu asubuhi. Lori moja limepita langoni bila kuandikwa. Baadaye la pili. Shauri lao.

Poka ni hivi. Unapewa karata mbili, unazificha kama barua ya mchumba. Hapo unaamua: unatupa, unafuata dau la mwenzio, au unampandishia. Kisha zinafunuliwa karata tano katikati ya meza, za wote, na hapo kila mtu anamkumbuka Mungu wake. Wajinga! Vita inaisha kwenye zile mbili za mwanzo. Alinifundisha hilo mhandisi wa reli mwenye jicho moja, ambaye aliwahi kushinda kichwa cha treni kwa jozi ya karata za tatu. Alikirudisha mwenyewe, kwa kukosa pa kukiegesha.

Kwa hiyo sichezi karata tena. Nacheza watu. Na hawa watu wangu nawajua kama mifuko yangu.

Kinyozi: anaingia kila mchezo kwa kifungo kimoja cheupe, kama mtu anayechungulia duka asilotaka kununua. Ukimpandishia tu, anakumbuka ana safari. Dawa yake ni kumpandishia vitano kila anapochungulia, hata kama mkononi nina takataka.

Fundi naye hajui kutupa karata. Anasema karata ni mgeni, na mgeni hafukuzwi mlangoni. Atafuata na chochote. Huyo usimtishe, hatishiki. Ngoja karata nzito, kisha weka mlima. Atapanda nao mpaka kileleni, na akifika atakushukuru.

Mwalimu Mstaafu anapandisha mara moja kwa wiki, akishika wafalme wawili au ree mbili, na ree ndiyo karata kubwa kuliko zote. Kabla ya kupandisha anavua miwani na kuifuta kwa tai. Akigusa miwani, mimi nakimbia. Hata nikiwa na malkia wawili, nawaacha wajitegemee.

Amebaki Nesi. Huyu mama hasemi. Anasikiliza kama anayepima mapigo ya moyo. Lakini mkono wake unasema! Karata dhaifu, anaweka kifungo cheupe. Karata nzito, anaweka cheusi cha koti. Mwaka mzima nimeiona ile. Cheupe, mvamie. Cheusi, muage.

Dada amenikuta nikiongea na ukuta. Akasema nikishapata akili yangu hiyo niifunge mdomoni, maana simba mwenda pole ndiye mla nyama. Nimemwambia methali hiyo nilimfundisha mimi.

Jumatano, 5 Machi

Mungu mkubwa! Kopo limejaa! Limejaa hadi mfuniko umekataa!

Nilianza na vile saba. Kinyozi akachungulia. Nikampandishia vitano, mkononi nina mbili na saba, karata ambazo hata mbuzi angezitema. Akakimbia. Akachungulia tena, nikampandishia tena, akakimbia tena. Mara ya sita hata sikutazama karata zangu. Jasho lilimtoka mtu ambaye kazi yake ni kuwafuta wengine jasho.

Mwalimu akavua miwani. Nilikuwa na ghulamu wawili, wale walio chini ya malkia. Nikawatupa kama waliokuwa na moto. Nesi akabaki, akalipa. Mwalimu alikuwa na ree mbili, kama nilivyosema! Yaani kama nilivyojisemea.

Kisha nikapewa wafalme wawili. Mbele yangu ameketi nani? Fundi. Nikasukuma nusu ya kopo. Akazitazama karata zake kwa huruma, akafuata. Alikuwa na tisa na nne. Nilipomwuliza tisa na nne ni za nini, akasema zote mbili zilikuwa nyekundu.

Nesi aliweka cheupe mara nne. Mara nne nikamvamia. Mara nne akatupa. Fundi ikabidi anipe kopo la pili, la maziwa ya unga.

Ningelala mfalme leo. Lakini mlangoni Kinyozi akasema, huku anavaa viatu, kwamba Mjomba, yaani mimi, leo kaamka na bahati. Nesi akasema bahati kweli. Mwalimu akakohoa, akasema bahati ya mwenzio usiilalie mlango wazi. Wakacheka, wakaenda.

Bahati! Mimi! Nimefanya kazi ya ubongo siku tatu, malori mawili yamepita bure, halafu bahati!

Nikamsimulia shemeji mezani, kila mchezo, na mikono. Alitafuna mpaka mwisho. Akasema, "Bahati ni kitu kizuri, shemeji."

Sikumaliza chakula.

Alhamisi, 6 Machi

Nimekwenda kunyoa ndevu. Ndevu zenyewe hazikuhitaji.

Sikukusudia kusema kitu. Lakini Kinyozi alianza mwenyewe, wembe uko kooni pangu. Akamwambia mteja aliyekuwa kwenye benchi kwamba huyu mzee jana alipata karata za ajabu, sijawahi kuona mtu anapewa karata hivyo. Mteja akanitazama kama anavyotazamwa mtu aliyeokota mkoba barabarani.

Ningevumilia vipi? Nikamwambia asubiri atoe wembe. Nikamweleza kwa upole kwamba mkononi nilikuwa na mbili na saba. Akakataa. Nikamwapia. Nikamfafanulia mtindo wake wa kuchungulia kwa kifungo kimoja, na jinsi unavyomvua nguo mbele za watu. Akasimama na povu mkononi. Akauliza, kwa mfano tu, mtu angechungulia huku ana wafalme wawili, ingekuwaje? Nikacheka. Nikasema hapo mpandishaji angelia, lakini wewe huna kifua hicho.

Aliacha kuniita mwenye bahati. Mteja wa benchi alinipa mkono. Kunyoa, bure.

Ni siri moja tu. Zimebaki tatu.

Ijumaa, 7 Machi

Nilipita zahanati kabla ya kazi kupimwa presha. Nesi ndiye aliyenipima. Akasema imepanda kidogo, labda ni ile furaha ya Jumatano, maana bahati nayo huchosha mwili. Alisema kwa wema kabisa. Ndicho kilichoniuma.

Nikamwambia presha yangu haina neno, tatizo ni vifungo vyake. Cheupe na cheusi. Nikamwonyesha juu ya meza yake kwa vidonge, vyeupe na vya rangi, mpaka akaelewa. Akaviokota vidonge kimoja kimoja. Akasema asante Mjomba, sikuwa najua. Akanipima tena. Ilikuwa imeshuka! Ukweli ni dawa.

Mchana nikapeleka suruali kwa Fundi aipanue kiuno, mtu anayeshinda hunenepa. Alinishonea kifungo kipya kikubwa cha pembe. Huku anashona akaanza ile habari ya bahati. Basi nikamweleza kwa ufupi kuhusu mgeni na mlango. Nikamwambia, Fundi, mimi nikiweka mlima ujue nyumbani kuna watu, nimeshika karata nzito. Siku hiyo mgeni wako mfukuze. Alitoa sindano mdomoni, akasema hajawahi kulitazama hivyo.

Nikatoka, nikakutana na Mwalimu akisoma gazeti la watu pale kwa muuza magazeti. Sikumwambia chochote. Nilimwambia tu habari ya miwani. Akaivua. Akaitazama. Akaivaa. Akasema amefundisha miaka thelathini na minne na hakuna mwanafunzi aliyewahi kumwona anavyofuta miwani. Nikamwambia hukuwahi kunifundisha mimi.

Sasa wote wanne wananiheshimu. Kila mmoja nimemwambia lake moja tu, la mwenzake hajui. Hiyo ndiyo akili. Mhandisi wangu wa reli, yule wa mkono mmoja, alisema adui akikuogopa umeshamla nusu.

Kesho navaa koti la shemeji. Lile jeusi la harusi yake. Atakuwa kazini mpaka jioni, hatajua. Mshindi hakai mezani na shati lililopauka.

Jumamosi, 8 Machi

Kuna msaliti.

Naandika nimekaa kitandani, mkono mmoja umeshika kalamu na mwingine suruali. Nitaeleza kwa nini. Nieleze kwa mpangilio, maana siku moja hili litachunguzwa.

Mchezo wa kwanza. Nina malkia wawili. Mwalimu anavua miwani, anaifuta kwa tai, taratibu, kioo cha kushoto, kioo cha kulia. Anapandisha. Nikawatupa malkia wangu kwa adabu. Yeye akafunua karata zake ambazo hakuna aliyemwomba azifunue. Mbili na sita! Akasema miwani ilikuwa na vumbi tu. Baada ya hapo ilikuwa na vumbi alasiri nzima. Alifuta mara saba. Tai ililowa.

Kinyozi akachungulia kwa kifungo kimoja. Nikampandishia vitano, nina tatu na nane. Nikasubiri akimbie. Hakukimbia. Akaweka ishirini juu yake, akanitazama machoni kama mtu anayeuliza tunyoe na nyusi? Nikafuata kwa heshima. Wafalme wawili. Alikuwa na wafalme wawili!

Nikasema haya, yupo Fundi. Fundi ni benki yangu. Na kweli, karata zikaja: ree mbili, mara ya kwanza mwaka huu. Nikaweka mlima, kopo zima la maziwa ya unga. Fundi akazitazama karata zake. Akanitazama mimi. Akazitupa! Fundi! Ambaye hajawahi kutupa karata tangu duka lijengwe! Wengine nao wakatupa. Nilivuna vifungo vitatu vyeupe kwa ree mbili. Fundi akasema kumbe kuna wageni unaweza kuwafukuza na nyumba isianguke.

Michezo iliyofuata wakanila mmoja baada ya mwingine, na saa kumi na moja kopo langu lilikuwa na sauti ya kopo tupu. Mwalimu akainuka aandike kwenye ubao wa foleni pale ukutani kwamba limekauka. Nikamwambia rudi ukae. Nikaomba mkasi wa Fundi. Nikakata kifungo cha kwanza cha koti.

Palitokea mabishano. Kinyozi alisema vifungo vya mwilini si vya mezani. Fundi, ambaye ndiye mwenye meza, akakigeuza, akakipima kwa kidole, akasema kifungo ni kifungo, na hiki ni bora kuliko vyote vilivyomo humu. Basi nikakata. Vitatu vya mbele. Kisha vya mikono, vitatu huku, vitatu huku. Koti lilining'inia kama pazia. Nilicheza vizuri, naapa, lakini vilikuwa vinakwenda. Vinakwenda.

Vimebaki viwili. Nina malkia na ghulamu, wote shupaza nyeusi, karata za kiume. Nesi anaweka kifungo. Kimoja. Cheupe.

Cheupe! Hatimaye mtu mmoja mezani pale aliyekuwa bado na akili zake za kawaida! Nikaweka vyeusi viwili. Nikaona havitoshi kumtisha. Nikainuka, nikakata na kifungo cha pembe cha suruali, kile kipya cha jana, nikakiweka juu. Nikabaki nimesimama, nimeishika suruali, nikimtazama.

Akafuata. Akafunua ree mbili.

Zile tano za katikati sitaziandika. Hazikunisaidia.

Nesi akavikusanya polepole. Akasema, "Mjomba, uliniambia mwenyewe kwamba cheupe maana yake sina kitu. Nikaona si vizuri nikuangushe."

Mwalimu akaandika ubaoni. Jina langu akalipeleka chini kwenye foleni. La shemeji akalipandisha. Mwandiko wake mzuri sana, wa chaki, mzee yule.

Nimerudi nyumbani kwa miguu, mkono kiunoni, nikiwasalimu watu kwa kichwa.

Lakini nasema kuna msaliti! Nesi, sawa, nilimwambia la kwake. La kwake moja tu! Wale watatu nani kawafundisha? Watu hawabadiliki wote siku moja bila mwalimu. Kuna mtu anapita nyuma yangu, mtaa kwa mtaa, anawafungua macho. Mtu mwenye chuki. Nitamjua.

Jumapili, 9 Machi

Asubuhi dada alilitoa koti kabatini. Sitaandika yaliyofuata kwa dakika kumi. Alimaliza kwa kusema mdomo huponza kichwa, kaka, na wako sasa umefika kwenye koti la watu. Nikamwambia kosa lilikuwa la msaliti. Akaniuliza msaliti huyo anafananaje. Nikamwambia bado nachunguza. Akanipa kioo nijinyoe. Sijui alitaka kusema nini.

Shemeji hakugomba. Ndiyo tabia yake mbaya, hagombi. Alilishika lile koti, akapitisha kidole palipokuwa na vifungo, kimoja baada ya kingine, kama anayehesabu meno ya mtoto. Akamwambia dada asinunue vingine. Vile ni vya harusi yao na viko kwenye kopo la Nesi. "Nitavifuata Jumatano," akasema. "Kiti si nimeshapata?"

Kiti changu! Kile chenye mto wa mabaki ya suti, mto ambao umechukua umbo langu miaka mitatu!

Lakini sijashindwa. Andika. Nimefikiri wakati wa kuosha vyombo, adhabu ya dada, na nimeona njia. Kwenye foleni sasa yumo nani? Mimi, peke yangu, wa kwanza! Shemeji akikaukiwa tu, narudi. Na shemeji atakauka haraka, maana nilimtazama miaka mingi tukicheza karata hapa nyumbani: akishika kitu kizuri anaanza kuimba puani. Wimbo mmoja, uleule. Wale wanne watamla Jumatano, wamalize na mifupa Jumamosi. Nilichotakiwa kufanya ni kimoja. Kunyamaza.

Na nilinyamaza! Asubuhi yote. Nilinyamaza hadi chai ya alasiri.

Tulikuwa barazani, mimi na yeye. Akamimina chai. Akasema ananipa pole, mimi ni mchezaji mzuri kumbe, ila jana nilikosa bahati.

Bahati!

Nikaweka kikombe chini. Nikamwambia shemeji, tafadhali, usinitukane kwenye baraza lako. Nikamweleza kwamba poka ni karata mbili za mwanzo na watu, si bahati, na kwamba nilifundishwa na mhandisi wa reli asiye na miguu ambaye alishinda reli yenyewe. Akauliza watu gani. Nikamwambia wale wanne, ninawajua ndani na nje. Mwalimu sasa anafuta miwani akiwa hana kitu. Kinyozi sasa akichungulia, ana jambo, usimguse. Fundi amejifunza kutupa, kwa hiyo sasa anatishika, mtishe. Na Nesi vifungo vyake sasa visome kinyume. Akasema mbona ni mengi, hawezi kuyashika kichwani. Nikamwambia ndiyo maana wewe utakauka. Na juu ya hayo yote, shemeji, wewe mwenyewe ukishika karata nzuri unaimba puani.

Akaingia ndani. Nikafikiri nimemvunja moyo, nikamwonea huruma kidogo.

Akatoka na kalamu, na kile kidaftari chake cha kupimia mizani. Akaomba nianze tena, taratibu, kuanzia kwa Mwalimu.

Nimemrudia mara mbili. Aliandika kila neno, akaweka na mistari chini. Sijawahi kupata mwanafunzi msikivu namna ile! Jumatano wale wanne watakiona cha mtema kuni, na wakiuliza nani kamfundisha, nimemsisitizia ataje jina langu.

Kesho nampelekea Kinyozi ndevu. Nitamwambia kuhusu ule wimbo wa puani. Moja tu.